Peugeot 205 GTI iliyolala bandani miaka 12: betri usinunue bado

Swali: Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo amenipa Peugeot 205 GTI yake ya lita 1.9, ya mwaka 1989. Alipoiegesha bandani ilikuwa inatembea vizuri, na tangu siku hiyo haijawashwa. Ni miaka 12 sasa. Sitaki gari la maonyesho, nataka la kuendesha barabarani kwa usalama na lipite ukaguzi. Wenzangu wananiambia nitie betri mpya na petroli kidogo, ikiwaka tu nusu ya kazi imekwisha. Kinachonitatiza ni magurudumu ya nyuma: yamelala, juu yameingia ndani na chini yametoka nje. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Umefanya vema kuuliza kabla hujanunua hiyo betri, maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiinunue. Anza na hayo magurudumu ya nyuma yaliyolala. Ukitoka hapo nenda kwenye breki, kisha petroli na maji, na injini iwe ya mwisho kabisa.

Najua kila mwenye gari lililolala hutamani kwanza kuisikia injini. Lakini kwa gari lako, injini ndiyo sehemu ninayoihofia kidogo kuliko zote. Kama iliegeshwa ikiwa nzima na haikuingiwa na maji, kuna uwezekano mkubwa kwamba itawaka. Na hapo ndipo palipo na hatari: ikishawaka, mtu hawezi kujizuia. Ataitoa bandani, ataizungusha uani, mara ya pili atafika barabarani, na breki zina mafuta ya miaka 12. Tena kule kuiwasha kwenyewe, bila maandalizi, kunaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Mkanda wa taimingi umekaa umejikunja mahali pamoja muda wote huo, kuta za silinda zimekauka, na petroli iliyobaki tangini haifai tena kuitwa petroli.

Ni vizuri pia ujue umepewa gari la aina gani. GTI ya kwanza ya 205 ilitoka mwaka 1984 ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 105. Mwaka 1986 ikapandishwa hadi 115, na mwisho wa mwaka huo ikaja ya lita 1.9 kama yako, farasi 130. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 900 hivi. Farasi 130 ndani ya kilo 900, bila vifaa vya elektroniki vya kumsaidia dereva, maana yake ni kwamba kila kitu kinategemea hali ya tairi, breki na mikono inayoshika magurudumu. Gari zito na la polepole linaweza kumvumilia dereva mwenye bushi mbovu. Hili halimvumilii.

Kabla ya kufungua nati yoyote, tafuta kutu, kwa sababu kutu ndiyo itakayoamua kama kazi hii inafaa kufanywa. Usiridhike na kuangalia rangi. GTI ina plastiki nyeusi zilizozunguka matao ya magurudumu, na plastiki hizo hutunza matope na unyevu nyuma yake bila mtu kuona. Zivue. Chukua bisibisi butu, pita nayo kwenye vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, kitako cha betri, ukingo wa chini wa kioo cha mbele, na hasa sehemu za bodi ambako ekseli ya nyuma na mikono ya mbele hufungwa. Gonga na kusukuma. Chuma kizima hulia na kukataa. Kilichooza hutoa sauti ya bati lililolowa, na bisibisi huzama. Tundu dogo kwenye sakafu au kizingiti hukatwa na kuchomelewa bati jipya, kazi ya kawaida. Lakini ukikuta kutu imekula pale ekseli inaposhikilia bodi, mlete mchomeleaji mwenye uzoefu wa bodi aione kabla hujatumia fedha kwingine kokote. Na usikubali kutu izibwe kwa pati na kupakwa rangi. Pati haibebi uzito.

Sasa tuje kwenye hayo magurudumu.

Lala chini nyuma ya gari, uangalie juu. Utaona bomba nene la chuma limekingama kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kila ncha ya bomba ina mkono wa chuma unaoelekea nyuma, na mwisho wa mkono ndipo gurudumu lilipo. Springi za kawaida za kujikunja huzioni kwa sababu hazipo. Kazi yake inafanywa na toshenibaa mbili, fimbo za chuma zilizolazwa kukingama gari, ambazo hujisokota gurudumu linapopanda na kujisokotoa linaposhuka. Hata shokapu zimelazwa. Mpango huu uliwapa Peugeot buti pana isiyoingiliwa na springi wala shokapu, na kwa kweli ni kazi nzuri ya uhandisi. Udhaifu wake ni mmoja, na ndio uliokupata wewe.

Kila mkono umeungwa na shafti inayoingia ndani ya lile bomba na kuzungukia beringi za sindano, yaani beringi zenye vijiti vyembamba badala ya gololi. Sindano hizo zinaishi kwa grisi, na grisi inalindwa na sili ya mpira. Sili ikichoka, maji yanaingia, grisi inaoshwa, sindano zinashika kutu na kuanza kuikwangua shafti. Shafti ikishaliwa, mkono unapata nafasi ya kuinama, na gurudumu linalala kwa ndani upande wa juu. Kwa hiyo hicho unachokiona kwa nje ni shafti iliyolika ndani ya bomba. Kupima magurudumu kwenye mashine ya alaimenti hakutasaidia chochote, kwa sababu nyuma ya gari hili hakuna mahali pa kurekebisha mlalo huo.

Hakikisha hivi. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, inua nyuma kwa jeki, kisha likalishe gari kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika gurudumu juu na chini, usukume na kuvuta, huku mwenzako akiangalia kwa tochi pale mkono unapoingia kwenye bomba. Mchezo ukionekana kwenye kitovu cha gurudumu, ni beringi ya gurudumu. Ukionekana pale kwenye bomba, ni ugonjwa niliokueleza. Kwa mlalo unaoonekana kwa macho matupu, natarajia utauona kwenye bomba.

Ukiamua kuifungua mwenyewe, kazi ngumu ni kutoa toshenibaa. Zina meno kwenye ncha zote mbili, na meno hayo yamekaa kwenye kutu kwa miaka mingi. Yamwagie mafuta ya kupenya kutu jioni, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, ndipo uanze kuvuta kwa nyundo ya kuteleza. Kabla ya kuzitoa, piga alama kwa patasi kwenye toshenibaa na kwenye mkono, ili zirudi kwenye meno yaleyale. Usichanganye ya kulia na ya kushoto. Meno ya ncha moja hayalingani kwa idadi na ya ncha nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kupanga kimo cha gari. Wakati wa kurudisha, shokapu huwekwa kando na badala yake hufungwa fimbo yenye urefu maalumu inayoshikilia mkono mahali pake hadi toshenibaa ziingie. Ukiruka hatua hiyo, gari litasimama upande mmoja juu, mwingine chini.

Mkono ukishatoka, futa grisi yote kwenye shafti kwa kitambaa. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake pale sindano zilipokuwa zikikaa. Shafti nzima ni laini kama kioo, ukucha unateleza tu. Shafti iliyokwisha ina mifereji, na ukucha utakwama kwenye kila mmoja. Ukikwama hata kidogo, badilisha shafti, kwa sababu beringi mpya juu ya shafti yenye mifereji zitakwisha upesi na utarudi kulala chini ya gari hilohilo. Angalia pia ndani ya bomba. Gari likiendeshwa muda mrefu katika hali hii, beringi huachia mahali pake na kuanza kulikwangua bomba lenyewe, na hapo ekseli yote imekwisha.

Ushauri wangu wa kweli kwako, kama huna vifaa vya kuvutia na presi ya kuingizia beringi: vua ekseli nzima, uipeleke kwa mtu anayezijenga upya, au ununue iliyokwisha kujengwa. Kuivua nzima hakuhitaji ufundi mkubwa. Unafungua boliti zinazoishika kwenye bodi, nyaya za handbreki na mabomba ya breki, na inashuka. Badilisha na ile mipira inayokaa kati ya ekseli na bodi, kwa sababu ikishuka utaikuta imepasuka.

Ekseli ikiwa chini, ndipo utaona kwa nini nimetaka uanze huku. Mabomba ya breki ya nyuma yamepita mahali ambapo ekseli ikiwa juu huwezi kuyaona vizuri wala kuyafikia. Magari mengi ya aina hii yana bomba zuri linaloonekana na bomba bovu lililojificha. Yabadilishe yote, uweke ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haishiki kutu na hupindika kwa urahisi bila kupasuka.

Breki za gari lako ni diski kwa magurudumu yote manne. Ile ya 1.6 ilikuwa na ngoma nyuma. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa. Baada ya miaka 12 maji yaliyomo yanatosha kufanya mambo mawili: kugandisha kwa kutu pistoni za kalipa, yaani vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski, na kuchemka breki zikipata moto. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inashuka hadi sakafuni. Kwa hiyo kalipa zote nne zifunguliwe, zisafishwe, ziwekwe sili mpya, au zibadilishwe. Za nyuma zina taabu zaidi kwa kuwa mtambo wa handbreki umo ndani yake, na pistoni yake hurudishwa kwa kuzungushwa. Ukiilazimisha kwa koleo utaivunja. Kama baba yako mdogo aliegesha na handbreki juu, utakuta pedi zimeng'ang'ania diski. Diski zenye kutu ya juujuu husafishika kwa kusugua, lakini zilizochimbika usizionee huruma.

Mipira ya breki, ile hosi fupi ya kila gurudumu, ibadilishe bila kuipima. Kwa nje huonekana mizima. Ndani huvimba na kuziba, ukikanyaga mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu, ukiachia hayarudi, na gurudumu linaendelea kushikwa. Nimeona watu wakibadilisha kalipa mara mbili wakitafuta tatizo lililokuwa kwenye kipande cha mpira.

Sasa jambo ambalo hata mafundi husahau. Wakati wa kutoa upepo kwenye breki, msaidizi wako asikanyage pedali hadi mwisho. Ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, mipira ya pistoni imezoea kutembea sehemu moja tu ya silinda. Sehemu ya mbele haijaguswa kwa miaka, imeshika kutu na uchafu. Ukikanyaga hadi sakafuni, mipira inaingia kwenye ukwaru ule na kuchanika, na masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi inavuja jioni. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho. Kwa miaka 12, mimi ningeweka masta silinda mpya na kuondokana na wasiwasi huo. Tumia mafuta ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa.

Tairi, kwa ufupi: badilisha zote nne, hata kama kashata bado ni nene. Ubavuni utakuta namba nne ndani ya duara la yai. 2308, kwa mfano, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008. Mpira uliozeeka huwa mgumu na huteleza kwenye maji. Saizi ya rimu zako za inchi 15 ni 185/55 R15. Na kwenye mbele ya gari, ukiwa bado umeliinua, kagua boli jointi, tairodi endi, bushi za mikono, mipira ya sivi jointi na ya staringi. Yote haya ni vitu vya bei ndogo vinavyobadilishwa kwa saa chache, sina la kuongeza.

Petroli. Itoe yote tangini, usiichanganye na mpya. Ukiinusa utasikia harufu ya vanishi, na ndivyo ilivyo: sehemu nyepesi zimeruka, zilizobaki zimekuwa gundi. Gundi hiyo iko kwenye pampu, kwenye filta, na kwenye tundu jembamba la kila injekta, kile kifaa kinachoinyunyizia injini petroli. Filta mpya ni lazima, injekta zitolewe zikasafishwe na kupimwa mnyunyizo wake. Badilisha mipira yote ya mafuta kuanzia tangini hadi kwenye injini, ya kwenda na ya kurudi, na ununue ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za injekta. Mfumo wako wa kunyunyiza petroli, Bosch Jetronic, hufanya kazi kwa shinikizo la baa 2.5 hadi 3 hivi, na mpira uliozeeka hupasuka na kunyunyiza petroli juu ya injini yenye moto. Magari mengi ya zamani yameungua namna hiyo, yakiwa mikononi mwa watu waliotoka tu kuyatengeneza. Nakuomba sehemu hii usiiahirishe.

Tukiwa kwenye Jetronic: huo mfumo hupima hewa kwa kijimlango kinachosukumwa na hewa inapoingia. Hewa yoyote inayoingia baada ya kijimlango hicho haihesabiwi, na injini itapewa petroli pungufu. Ndiyo maana ufa mdogo kwenye bomba la mpira la hewa, au hata kifuniko cha oili kisichobana, hufanya injini ipande na kushuka yenyewe ukiwa hujakanyaga mafuta. Kabla hujaambiwa ubadilishe kompyuta, kagua mipira ya hewa kwa kuibonya na kuikunja. Fungua pia boksi la filta ya hewa. Kwenye gari lililolala bandani, mara nyingi panya ameshajenga humo.

Kwenye maji nitakaa kidogo, kwa sababu injini hii ina siri yake. Bloku yake ni ya aluminiamu, na silinda ni slivu za chuma zilizotumbukizwa ndani, zikizungukwa na maji moja kwa moja. Chini ya kila slivu kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Mambo mawili yanafuata. La kwanza, gari hili halitakiwi kutumia maji matupu, hata mahali pasipo na baridi hata siku moja. Maji matupu hula aluminiamu. Weka kulanti yenye kinga ya kutu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa.

La pili, kama itabidi kufungua silinda hedi, slivu zibanwe kwa vibano mara tu hedi inapotoka, na kranki isizungushwe kabla ya kuzibana. Niliwahi kuletewa gari kama lako, limetoka gereji nyingine ambako hedi ilifunguliwa ili kubadilishwa gasketi tu. Kazi ya juu ilikuwa safi kabisa, gasketi mpya, boliti mpya. Nilipofungua kizibo cha oili chini ya injini, ilitoka kama chai ya maziwa. Kranki ilizungushwa ili kusafisha vichwa vya pistoni, pistoni zikainua slivu kwa upana wa unywele tu, na sili za chini zikaachia. Tulivua injini nzima kwa ajili ya pete nne ndogo. Kwa hiyo hedi isifunguliwe kwa sababu ya udadisi. Pima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, na kama silinda zote nne zinakaribiana, iache ilivyo.

Kujaza maji nako kuna utaratibu. Hewa hujificha kwenye mfumo huu, na kuna skrubu za kutolea hewa: juu ya rejeta, kwenye nyumba ya themostati, na kwenye mpira wa hita. Zifungue zote, mimina polepole, funga kila moja pale kulanti inapotoka bila povu. Mpira wowote uliolainika au uliovimba ubadilishe, na ujaribu feni ya rejeta kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri ya kuazima.

Mkanda wa taimingi haujadiliwi. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na gharama yake unaijua. Pampu ya maji kwenye injini hii huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo badilisha mkanda, kikaza mkanda na pampu kwa pamoja, na sili za kamshafti na kranki ukiwa hapo. Funga kamshafti na kranki kwa pini kwenye matundu yake ya kufungia kabla ya kuvua mkanda wa zamani. Ukimaliza, toa pini, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha urudishe pini. Zikiingia bila kulazimishwa, taimingi iko sawa. Ukihisi kitu kinagonga wakati wa kuzungusha, simama hapohapo.

Sasa nunua betri.

Badilisha oili na filta ya oili. Toa plagi zote nne, tia kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila silinda, uache usiku kucha ili ringi zilainike. Kesho yake, gari likiwa gia huru, zungusha kranki kwa mkono. Ikizunguka laini, zima njia ya moto na ya petroli: chomoa waya wa koili na relei ya pampu. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa sekunde kumi, pumzisha, piga tena, huku ukiangalia geji ya presha ya oili kwenye dashibodi. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa, maana oili itaruka. Hutaki kuendelea hadi sindano ya presha inyanyuke. Hapo kila beringi ndani ya injini imepata oili kabla ya kubeba mzigo.

Rudisha plagi mpya. Kepu na rota ya distribyuta uziangalie. Zikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, badilisha. Rudisha relei ya pampu tu, wacha pampu ifanye kazi, na kwenye relei ya aina hii huenda ukahitaji kupiga stata ili ipewe umeme. Kagua kila kiungo cha petroli kwa vidole na tochi. Pakiwa pakavu kote, weka mtungi wa kuzimia moto karibu, fungua mlango wa banda ili moshi utoke, rudisha waya wa koili, washa. Moshi wa buluu utatoka dakika za mwanzo, ile oili uliyotia. Ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, niandikie. Iache ingurume hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili.

Ukikanyaga klachi gia zikakataa kuingia, usikimbilie kushusha gia boksi. Sahani ya klachi hushikana na flaiwili kwa kutu gari likilala. Inua magurudumu ya mbele kwenye stendi, weka gia ya tatu, washa, kanyaga klachi hadi mwisho na uguse breki kwa vipindi. Mara nyingi inaachia kwa mshtuko mmoja. Hakikisha hakuna mtu mbele ya gari. Klachi ya gari hili huvutwa kwa waya, kwa hiyo kagua na waya wenyewe. Na gia zikiingia lakini mkono wa gia unacheza kama kijiko kwenye sufuria, ni viungo vya plastiki vya vijiti vya gia, vinabadilishwa bila kugusa gia boksi.

Umeme: kwaruza na kaza kila mahali waya wa athi unapofungwa kwenye bodi na injini, na nusu ya matatizo ya taa yatakuwa yamekwisha. Mikanda ya viti uivute yote hadi mwisho uone kama imeliwa na panya au jua. Rangi na vitambaa vya viti visubiri mwakani.

Siku ya kwanza ya kulitoa, tafuta mahali pa wazi pasipo na watu. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki kwa nguvu uishikilie dakika nzima. Pedali ikizama hata kidogo, usitoke. Halafu piga breki kutoka mwendo mdogo, uachie usukani kidogo, uone kama gari linavuta upande. Rudia kwa mwendo mkubwa zaidi. Gusa rimu baada ya kilomita chache. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, kalipa hiyo haiachii.

Halafu kuna tabia ya 205 GTI ambayo baba yako mdogo anaijua, muulize. Ukiingia kona kwa kasi kisha ukaogopa na kuachia mafuta ghafla, uzito hukimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na inaanza kulizunguka gari. Ekseli ikiwa nzima na tairi zikiwa mpya, huanza taratibu na unaweza kuisikia kwenye kiti. Ekseli ikiwa kama ilivyo sasa, kona ya kulia na ya kushoto hazifanani, na moja kati yake itakushtua. Kwa kilomita 500 za kwanza punguza mwendo kabla ya kona, kisha toka nayo ukiwa umekanyaga mafuta kidogo. Baada ya kilomita 50 kaza tena boliti za magurudumu na za ekseli, na uangalie tena kila kiungo cha petroli.

Ukishavua mkono wa kulia wa nyuma na kupitisha ukucha kwenye shafti, niandikie ulichokikuta, na kama bomba limeliwa nitumie picha ya ndani yake kabla hujaagiza kifaa chochote.